Feza Kubwa Kuliko Soko

Siku Éliakim aliporudi Butembo na feza ya kakao, meza ya kwanza aliyofikia sokoni ilikuwa ya Kanyere. Hakuuliza bei. Alionyesha gunia la maharagi kwa kidole, akasema, "Hii yote."

Kanyere alicheka, akifikiri ni mchezo. Katika soko yao ndogo ya Mabati Tatu, pale mtaa wa Mususa, mtu hununua kopo moja, au mbili kama amepata wageni. Lakini Éliakim alitoa dola mfukoni, akalipa mara mbili ya bei ambayo Kanyere hata alikuwa hajaitaja, kisha akaita vijana wapakie gunia kwenye gari.

Kila mama wa soko ile alimjua Éliakim. Miaka kumi nyuma ni yeye aliyekuwa akiwapandishia mizigo kutoka barabara kubwa kwa chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao. Halafu mjomba wake alikufa, akamwachia shamba la kakao upande wa Mangina, na Éliakim akaenda huko wakati wengine walikuwa wanakimbia kutoka huko. Watu walimsikitikia. Mara tatu vita ilimfukuza shambani, mara tatu alirudi kuvuna. Alimzika mdogo wake kule. Na wakati huo kilo ya kakao haikununua hata vipande viwili vya sabuni.

Kisha, ndani ya mwaka mmoja, bei ya kakao ilipanda mpaka watu hawakuamini. Waliokuwa wamekata tamaa na kuuza mashamba yao walishika vichwa. Éliakim, aliyebaki, akawa tajiri.

Alinunua parcelle, kiwanja kikubwa juu kidogo ya soko, akaanza kujenga étage, nyumba ya ghorofa. Alikuwa na wafanyakazi makumi tatu, na aliwalisha kila mchana pale pale kwenye chantier, mahali pa ujenzi. Hakuwa peke yake. Wengine waliotajirishwa na kakao walikuja pia kujenga, Mususa na hata Vulamba, na kila mmoja alikuwa na mpishi wake, na mpishi alikuwa na kikapu na dola.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mariette, aliyeuza unga wa mihogo kwenye meza iliyopakana na ya Kanyere, alinunua simu mpya na kitenge, akasema Mungu amemkumbuka. Kanyere naye alishukuru. Alikuwa mjane, na Bénie, kitindamimba wake, alikuwa anasoma gestion, usimamizi wa biashara, katika chuo kimoja cha Beni. Kwa mara ya kwanza alituma feza ya masomo bila kwenda kuomba wamngojee.

Hakuna aliyekaa chini akaamua bei ipande. Ilipanda yenyewe. Mpishi aliyelipa zaidi ndiye aliyehudumiwa kwanza, na bei aliyolipa mpishi leo ikawa kesho bei ya kila mtu. Magari ya maharagi kutoka upande wa Kanyabayonga yalikuwa yamekuwa machache tayari kwa sababu ya vita kwenye barabara ile, na yale yaliyofika yaliuliza kwanza kama watu wa kakao wananunua. Unga nao ukafuata, maana karibu na Beni wengi walikuwa wanang'oa mihogo ili wapande kakao.

Jumatano moja Kambere alifika kwenye meza ya Kanyere. Kambere alikuwa fundi wa matofali na kapita, msimamizi wa wajenzi wa Éliakim. Tangu alipooa alikuwa akinunua maharagi kwa Kanyere. Aliweka mezani feza ile ile ya siku zote, akafungua kitambaa chake. Kanyere akachota kopo isiyofika nusu.

Kambere aliiangalia. "Mama Bénie, ulibadilisha kopo?"

"Hapana. Kopo ni ile ile. Ni bei."

"Kwangu tuko batu munane."

"Ninajua, baba."

Kambere hakukasirika, na hilo ndilo lililomwuma Kanyere. Alifunga kitambaa taratibu, akafunga fundo mara mbili kama mtu anayetaka mzigo uonekane mkubwa.

"Mbele, kazi yangu ya siku moja ilikuwa inaleta makopo munane," akasema. "Sasa inaleta tatu. Na patron aliniongeza mushahara mwezi huu. Sielewe."

Mchana ule ule Kanyere alienda kwa Hadjara kununua mafuta ya mawese. Hadjara alikuwa Mwislamu wa Beni, mama wa watoto sita, na meza yake ilikuwa karibu na mlango wa soko. Aliposikia bei ya chupa, Kanyere aliirudisha chupa mezani.

"Hadjara, uko unaniua."

"Na wewe juzi, kwa maharagi, ulinifanyia nini?"

Waliangaliana. Hadjara ndiye aliyeanza kucheka, lakini kicheko hakikuwa na furaha.

"Niko na feza mingi kuliko mwaka jana," akasema. "Hata siku moja sijashika feza mingi hivi. Na batoto yangu siku hizi banakula mara moja."

Kanyere alikaa kwenye bidon tupu, dumu la mafuta. Wote wawili walikuwa wameona jambo lile kwa majuma mengi, kila mmoja kwenye meza yake, na hakuna aliyetaka kulisema. Walibaki pale mpaka wanunuzi wawili wakaja wakaondoka.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kufungua, akina mama wa Mabati Tatu walikusanyika. Kanyere hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, na sauti yake ilikuwa chini mpaka wale wa nyuma wakamwambia apaze.

"Miye ninasema hivi," akaanza. "Bei moja kwa batu bote, yenye mutu wa kazi anaweza. Na mutu mumoja, makopo kumi kwa siku. Hata akikuja na sanduku ya dola. Kumi, basi."

Mariette alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Tangu lini mutu wa soko anakatala client?"

"Tangu leo."

"Mama Bénie, wakati nililala na njaa mbele ya hii kakao, ninyi muliniwekea kopo ya bei ya chini? Hapana. Nyumba yangu ilikuwa inavuya, nikaifunika na mashuka. Sasa mutu analeta feza, munataka nimufungie mulango."

Yale aliyosema Mariette yalikuwa kweli. Mariette alirudi kwenye meza yake, na wengine kumi na wawili wakakubali, baadhi kwa moyo, baadhi kwa kuogopa macho ya wenzao.

Saa nne mpishi wa Éliakim alikuja na gari. Kanyere akampimia makopo kumi, akafunga mdomo wa gunia. Mpishi akafikiri hakusikia vizuri. Alipoelewa, alipanda gari akaenda, na baada ya dakika chache Éliakim mwenyewe alishuka kwa miguu kutoka kwenye chantier, viatu vikiwa na vumbi ya simenti.

"Mama Bénie, banasema hamutaki feza yangu."

"Tunaitaka. Makopo kumi, bei ya batu bote."

"Niko na batu makumi tatu pale juu. Makopo kumi itaenea nani?"

"Wewe uko na gari. Panda kwenye milima ya Lubero, kule magari haifike, ulete maharagi mupya. Hii ya hapa ni ya batu benye hawana gari."

Éliakim akatoa dola, akaziweka juu ya gunia. "Mara mbili."

"Hapana."

"Mara tatu."

Kanyere aliinuka. Watu walifikiri anaenda kuzichukua. Alizikusanya, akazirudisha mkononi mwa Éliakim, kisha akaketi juu ya gunia lenyewe, mzima mzima, na kupanga kitenge chake juu ya magoti.

Uso wa Éliakim ulibadilika. Hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu cha zamani zaidi.

"Wakati nilikuwa na chukudu," akasema, "hakuna mama hata mumoja hapa alinipatia kiti. Mulikuwa munanitupia franga chini sababu mikono yangu ilikuwa na matope. Niliinama, nikaokota. Leo niko na feza. Ni zambi?"

Kanyere alikumbuka. Alikumbuka hata siku yenyewe, siku ya mvua, na kitenge kipya alichokuwa anaogopa kukichafua.

"Ile unasema ni kweli," akajibu. "Na miye nilikuwa kati yabo. Nisamehe. Ninakulomba mbele ya hawa bote. Lakini maharagi, hapana."

"Donc? Basi ni nini?"

"Feza yako haina zambi, Éliakim. Ni kubwa kuliko soko. Ukiingiza ngombe kwenye kibanda ya kuku, hata ngombe ile ikuwe mupole, kuku zitakufa."

Éliakim akaenda meza kwa meza. Alipofika kwa Hadjara, Hadjara alifunga bidon yake na kukaza kifuniko. Mwingine akafunika mihogo yake kwa gunia. Mariette peke yake ndiye aliyeuza. Éliakim akanunua unga wake wote kwa mara nne ya bei, akiongea kwa sauti ili wengine wasikie.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Kambere na wanawake wa kufua nguo na waalimu walirudi kununua, lakini faida ilikuwa nyembamba. Magari mengine yalipita mlango wa soko bila kusimama, yakipeleka maharagi moja kwa moja kwa wapishi. Mama wawili walivunja ahadi, wakauza kwa siri nyumbani kwao. Kanyere aliwajua, akawasalimu kama kawaida.

Bénie alipiga simu kutoka Beni. Chuo kilikuwa kinataka feza ya muhula wa pili.

"Sina," Kanyere akamwambia. "Nilikatala kumuuzishia Éliakim."

"Mama, ile ulikatala ilikuwa masomo yangu."

"Ninajua."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Simu ikakatika. Kanyere alibaki ameishika, asijue kama ni mtandao au ni mtoto wake aliyekata. Siku ile alitamani sana kupanda kule kwenye chantier na kumwambia Éliakim atume gari. Alifika mpaka mlango wa soko. Pale alikuta mwanamke mmoja wa kufua nguo anamngojea na kitambaa mkononi, akarudi kumpimia.

Halafu karatasi ikaja. Ardhi ya soko ilikuwa ya Mzee Ézéchias, ambaye tangu zamani alikuwa akipokea kutoka kwa kila mama feza kidogo ya kiti, yaani ya mahali pa kuuzia. Karatasi ilisema kwamba Ézéchias ameuza, na kwamba katika siku nane mahali pawe wazi. Mnunuzi alikuwa Éliakim. Kanyere na Hadjara walienda kumwona mzee. Hakuwaficha kitu.

"Alinipatia feza yenye sikuota hata siku moja," akasema. "Niko muzee. Batoto yangu beko na haraka ya kuigawanya. Ningefanya nini?"

"Ungetuita," Hadjara akamjibu, na wakaondoka bila kunywa chai waliyoletewa.

Siku ya nane, akina mama walikuja asubuhi kama siku nyingine yoyote. Walifagia na kupanga makopo. Kanyere alileta gunia jipya, ingawa Hadjara alimwambia alete nusu, ili wakimwaga wasimwage yote.

"Nikileta nusu, nimeshaondoka nusu," Kanyere akasema.

Saa mbili wajenzi walishuka kutoka kwenye étage, Kambere mbele, wakiwa na vigingi, kamba, koleo na nyundo. Éliakim alikuwa nyuma yao. Akaonyesha kona ambapo Kanyere alikuwa ameketi.

"Anza pale."

Kambere akatembea mpaka kwenye kona. Kanyere hakuinuka. Alimwangalia tu, na mikono yake ilikuwa ndani ya maharagi. Kambere akasimamisha kigingi, akainua nyundo. Halafu akaishusha.

"Patron, hapa sipige."

"Nitakuongeza mushahara."

"Kila mara uko unaongeza. Uliongeza, makopo yakapunguka. Ukiongeza tena, yatapunguka tena. Ni kujaza maji kwenye kitunga." Aliweka nyundo chini, kwa utaratibu, kama chombo anachokipenda. "Soko hii ikivunjika, bibi yangu atashuka mpaka centre-ville, katikati ya muji, kutafuta bugali. Na nini? Na miguu yake. Étage yako nitajenga mpaka juu. Hii, hapana."

Wa pili akaacha koleo lake. Wa tatu akakunja kamba. Mmoja, kijana aliyekuwa na kazi kwa juma moja tu, aliangalia huku na huku, akamwomba Éliakim ruhusa ya kwenda nyumbani, kisha akaenda bila kungoja ruhusa.

Kesho yake Éliakim alileta wafanyakazi wengine kutoka mbali, ambao hawakumjua mtu pale. Walikuta soko imejaa. Waalimu walikuwa pale, na wafua nguo, na watu wa pikipiki, na wake wa wajenzi wakiwa na watoto mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wananunua tu, polepole sana, kila mmoja kopo moja, na mtu aliyemaliza kununua alirudi nyuma ya mstari. Wafanyakazi wale hawakushusha hata koleo kutoka kwenye gari. Na kule juu étage ilikuwa imesimama, mchanga haujaguswa, kwa sababu tangu wageni wale waletwe hakuna fundi wa Mususa, hata Kambere, aliyepanda kuweka tofali.

Siku ya nne Éliakim alikubali kukaa mbele ya chef de quartier, mkuu wa mtaa. Walibishana mpaka mchana. Ikawa hivi: ardhi ni yake, karatasi ni yake, lakini soko inabaki pale miaka mitano, na akina mama watamlipa feza ya kiti kama walivyokuwa wakimlipa Ézéchias, si zaidi. Na chakula cha chantier atakileta na gari lake mwenyewe kutoka Lubero. Hadjara alisema miaka mitano ni midogo. Kanyere akamwambia, "Mbele ya ile miaka kuisha, tutakuwa tumeshajua nguvu yetu."

Bei ya maharagi ilishuka, ingawa haikurudi pale ilipokuwa kabla ya kakao. Kazi ya Kambere ya siku moja sasa ilileta makopo sita. Mariette alikodi chumba cha chini kwenye étage, akafungua boutique ya unga na sukari. Yeye na Kanyere wanasalimiana, lakini hawajakaa tena pamoja. Bénie alipoteza mwaka wa masomo, akarudi nyumbani, na kwa majuma mawili aliongea na mama yake maneno ya lazima tu.

Jumapili moja baada ya misa, Éliakim alikuja nyumbani kwa Kanyere. Kanyere akampa kiti, kile kizuri chenye mgongo.

"Ungekuja kuniambia kwangu," Éliakim akasema. "Kabla ya kunifungia gunia mbele ya batu."

Kanyere alifikiri. "Pale uko na haki. Niliogopa. Kama ningekuja kwako, pengine ungenipatia feza, na miye ningenyamaza."

Éliakim akacheka kidogo, bila kutaka. Kisha akasema kwamba amesikia habari ya Bénie, na kwamba anaweza kulipa masomo yake yote mpaka amalize. Kanyere akafungua mdomo kukataa, lakini Bénie, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni, akamtangulia.

"Mama, hii ni yangu kujibu." Akapangusa mikono, akamshukuru kwa Kinande kama kaka mkubwa. "Wasingya, yaya Éliakim. Zawadi, hapana. Lakini uko na depot, ghala ya kakao, pale Beni, na banasema bale banapima beko banakuibia wewe, na kuibia bale ba shamba. Nilisoma miaka mbili ya gestion. Nipe kazi ya kupima. Nitajilipia."

"Kazi ile ni ya kugombana na batu kila siku."

"Umeona nyumba kwenye nilizaliwa," Bénie akasema.

Kanyere hakupenda. Barabara ya Beni ilimtia hofu, na hakutaka mtoto wake awe chini ya mtu huyu. Lakini hakuwa amemuuliza Bénie mara ya kwanza, na sasa alimwachia aamue mwenyewe.

Éliakim alikubali, akainuka kwenda. Mlangoni akageuka. "Mama Bénie, na kama bei ya kakao ikipanda tena? Hapana miye. Batu wengine, wenye feza ya kunipita."

"Batatukuta pale sokoni," Kanyere akasema, akaingia jikoni kugeuza maharagi, maana harufu ya kuungua ilikuwa inaanza.